Chakula cha Shodieri

Juzi nilikuwa nasafisha birika. Maji ya huku ninakokaa yana chumvi, na kila baada ya wiki chache birika linajenga ukoko mweupe ndani, mgumu kama ule wa wali uliosahauliwa jikoni. Nikatia siki, nikachemsha, nikakwangua kwa kijiko. Basi ile harufu iliyopanda! Chuma kilicholowa, chokaa, mvuke uliopoa. Nikaacha kijiko humo humo nikaenda kukaa kitako sakafuni, mtu mzima mimi, na watoto wangu wananitazama. Niliwaambia ni kizunguzungu. Uongo. Ilikuwa shodieri.

Shodieri ndivyo tulivyoliita tangi kubwa la mvuke katika kiwanda cha sabuni, kule Bujumbura, pale mtaa wa Buyenzi unapoishia na maghala yanapoanza. Lililetwa na Wabelgiji, sijui mwaka gani, na wazee wa mtaa walisema kuta zilijengwa kulizunguka baadaye kwa sababu hakukuwa na mlango wa kulipitisha. Lilikuwa limelala chali, refu kupita lori, jeusi, limejaa ribiti mwili mzima. Mbele lilikuwa na mlango wa moto, na ubavuni kioo chembamba cha kuonyesha maji, ambacho mimi niliamini ni jicho. Juu kulikuwa na tundu la umbo la yai lenye kifuniko kizito, na karibu yake bomba la firimbi.

Baba ndiye aliyekuwa mtu wa moto. Alfajiri alijaza kuni na maganda ya kahawa, na saa mbili asubuhi mvuke ulikuwa umeshapanda. Sehemu ya mvuke ilikwenda kwenye masufuria makubwa ambamo mafuta ya mawese ya Rumonge yalipikwa na magadi makali. Sehemu nyingine ilisukuma injini yenye gurudumu lililonishinda kimo mara mbili. Gurudumu lilizungusha mhimili mrefu chini ya bati, na kutoka kwenye mhimili ilishuka mikanda ya ngozi, mmoja kwa mashine ya kukoroga, mmoja kwa ya kukata miche, mmoja kwa ya kupiga chapa. Ta-paa, ta-paa, kutwa nzima. Mama alijua wakati wa kuinjika maharage kwa mlio ule, hakuwa na haja ya saa.

Lakini maji ya Bujumbura nayo yana ukoko wake. Kila baada ya miezi michache shodieri ilizimwa, ikaachwa ipoe siku mbili, ikamwagwa maji, na mtu akaingia ndani kwa lile tundu la juu kuubomoa ukoko kwa nyundo na patasi. Mtu huyo alikuwa Tonton Gaspa, yaani mjomba Gaspa, wa mtaa wa Kamenge, mwembamba kama ufito, rafiki wa baba tangu wote wawili hawajaoa. Hakuna mwingine aliyepitisha mabega. Kazi ile ilikuwa na sheria ambayo hata sisi watoto tuliijua. Mtu akiwa ndani, mwenziwe haondoki. Nyundo ndogo ilining'inia kwa mnyororo ubavuni mwa shodieri. Wa nje anagonga tatu, ananyamaza, anagonga moja. Wa ndani anajibu vilevile. Asipojibu humngoji, unapanda na kumtoa, maana hewa ya mle inaweza kumlaza mtu asijijue. Kimya kilikuwa na maana moja tu.

Na siku ya kuwasha tena, kabla ya kiberiti, mama alipika wali. Sahani ya kwanza iliwekwa mbele ya mlango wa moto, baba akasoma Fatiha, Gaspa akafanya ishara ya msalaba, ndipo watu wakala. Tulikiita chakula cha shodieri. Shehe mmoja wa mtaa alimkemea baba kwa jambo hilo. Baba akaitika ndiyo, ndiyo, na akaendelea.

Halafu vita. Siwaelezei vita, nyie wa rika langu mnavijua. Mnazijua zile siku za mji kufa, maduka yamefungwa kuanzia katikati ya mji mpaka Jabe, bariyeri kila kona, na mbwa wamenenepa. Tajiri wa kiwanda, Mwarabu aliyezaliwa pale pale kama baba yake na babu yake, alipeleka familia Kigoma na kumwachia baba funguo. Alimwomba awe anakaa getini mchana, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuikata mikanda ya ngozi kutengeneza kandambili. Mashine zikanyamaza. Hamjui kimya cha kiwanda nyie. Ilikuwa kama nyumba ambayo kila mtu ameacha kusema ghafla kwa sababu umeingia.

Kisha tukasikia Kamenge imebaki nyumba bila watu. Nilimwuliza mama, Tonton Gaspa yuko wapi? "Amesafiri," akasema, na akanigeuzia mgongo.

Kesho yake adhuhuri aliniita jikoni. Alikuwa ameweka sahani mbili za bati ndani ya kikapu, zote wali na ndagara, dagaa wetu wa ziwani.

"Hii ya bluu ni ya baba yako. Hii nyekundu ni ya shodieri."

"Lakini mama, si imezimwa?"

"Sasa ikizimwa ndiyo haisikii njaa? We ukilala, unaamka umeshiba?"

Nikaona ana hoja. Nilikuwa na miaka saba, na mama alinijua vizuri: mdomo mpana, kifua cha kuweka siri sina. Aliona mtoto asiyejua siri hawezi kuitoa. Na mtoto wa kike mwenye kikapu alipita bariyeri bila kuulizwa, wakati baba alipekuliwa mpaka kwenye kofia.

Basi nikawa napeleka, kila siku. Baba alipokea sahani nyekundu, akaniambia nigeuke nitazame ukuta, kwa sababu shodieri haipendi kutazamwa ikila. Nilisikia ngazi ikilia, kifuniko kikisogea, kwaruuu, halafu hakuna kitu. Nilikuwa natazama ukuta ule wenye alama za mikono ya mafuta za watu waliokuwa wakifanya kazi pale, kiganja juu ya kiganja, na nyuma yangu nasikia mashine inatafuna. Wallahi niliisikia. Baadaye baba alinirudishia sahani, tupu, imepanguswa kwa kidole mpaka mafuta yameisha.

Sikuogopa siku za mwanzo. Niliona fahari. Nani mwingine pale Buyenzi alikuwa na mashine inayokula? Siku moja baba alipokwenda kutawadha nikasogea, nikaweka kiganja ubavuni mwa shodieri. Ilikuwa baridi, baridi ya mtungi. Nikasikia inapumua. Pumzi ilipita kwenye bomba la juu, kwa maana firimbi yenyewe ilikuwa imetolewa, na ilikuwa pumzi ndefu inayokatika katikati kama ya mtu mwenye mafua. Nikashika nyundo ya mnyororo. Nikagonga tatu, nikanyamaza, nikagonga moja.

Ikajibu.

Polepole, kutoka ndani kabisa, tatu, kimya, moja. Nilikimbia mpaka getini, nikarudi mbio, nikagonga tena, na ikajibu tena, safari hii kwa haraka kidogo, kama inayonitania. Tangu siku ile ukawa mchezo wetu. Kila baba anapotawadha, mimi nagonga, nayo inajibu. Nikawa naisimulia habari za nyumbani, kwamba kuku amelalia mayai, kwamba mama analia usiku akidhani nimelala. Haikusema neno. Lakini siku niliyoiambia kwamba Tonton Gaspa amesafiri bila kuniaga na nimemkasirikia, iligonga yenyewe bila kugongwa. Mara moja tu. Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa, na nikaanza kuiota: naona mlango wa moto uko wazi, na ndani kuna watu wa Kamenge wameketi wanakula wali wetu, hakuna anayeinua uso.

Sasa niwaambie lile nililokuja kuwaambia.

Mchana mmoja nilikuwa nimeshafika na kikapu, baba ameshika sahani nyekundu, hajapanda ngazi bado. Wakaingia vijana wanne. Hawakuvunja kitu, geti lilikuwa wazi. Walikuwa wanapekua maghala yote ya upande ule wiki ile, wakiwasaka watu wa Kamenge. Watatu walishika rungu na panga. Wa nne, mkubwa wao, hakushika kitu, alivaa shati safi la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni kwenye joto lile. Aliwahi kusoma na mtoto wa jirani yetu. Alimsalimia baba kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, mzee. Uko peke yako?"

"Marahaba. Ni mi na huyu mutoto wangu."

"Na chakula cha watu wawili?" Akaipokea ile sahani nyekundu mkononi mwa baba, taratibu, kama mgeni anayekaribishwa. Akaketi juu ya pipa la mawese, akaanza kula.

Jamani. Mimi nikaona haiwezekani. Mtu anakula chakula ambacho si chake, na baba amenyamaza anatazama miguu yake! Nikapayuka: "Hicho si chako! Hicho ni cha shodieri!"

Mkono wake ukasimama njiani. "Cha nani?"

"Cha shodieri. Inakula kila siku. Na ukiigonga inajibu."

Nimesema. Maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya kujidai. Nilimwona baba ananitazama, na damu imemhama usoni kabisa, midomo imekuwa rangi ya jivu. Nikadhani amekasirika kwa sababu nimejibishana na mkubwa.

Kijana aliweka sahani chini. Akaenda kwenye shodieri, akashika nyundo, akapiga pigo moja zito. Bati zima la juu lilitetemeka, vumbi likatushukia. Tukasikiliza. Hakuna kitu.

"Siyo hivyo," nikasema. Alaa, mimi ndiye niliyesema. "Mpaka ugonge kwa heshima."

Akanipa nyundo.

Niligonga tatu, nikanyamaza, nikagonga moja, vizuri kabisa, kama nilivyozoea. Kisha nikawageukia wale vijana nikitabasamu, nikingoja wasikie.

Kimya.

Nikagonga tena. Kimya. Hata ile pumzi ya kwenye bomba haikuwepo. Leo ndipo najua baba alikuwa amesimama katika hali gani. Kwa sheria yao, kimya kile kilikuwa na maana moja tu, na yeye, ambaye kwa miaka yote alipaswa kupanda ngazi bila kungoja, alilazimika kusimama palepale na uso wa mtu asiye na wasiwasi, akihesabu pumzi za mwingine. Kijasho chembamba kilimtoka, akakiacha kishuke.

Mimi nikagonga mara ya tatu, na ilipokosa kujibu nikaangua kilio. Si kilio cha woga. Nilifedheheka. Imenijibu siku zote tukiwa wawili, na leo mbele za watu inanifanya mwongo! Nikamrukia yule kijana, nikampiga ngumi za paja. "Imekasirika! Ni we umekula chakula chake! Ni we!"

Mmoja wa wale wenye panga akacheka. Mwingine hakucheka. Alikuwa anatazama zile alama za viganja ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Twende, kaka. Hapa mahali apana nzuri." Lakini mkubwa wao aliweka sikio kwenye chuma, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu sana, mtulivu kama daktari. Halafu akasema, "Washa."

"Haina maji," baba akajibu. "Angalia kioo. Ukiiwasha kavu inapasuka, na nyumba hii inakwenda yote, na sisi ndani yake."

Kijana akakitazama kile kioo kitupu. Akanitazama mimi, kamasi zinanitoka, bado namtukana. Akaiokota sahani, akaiweka mbele ya mlango wa moto kwa mikono miwili. "Basi kula," akaiambia shodieri, na hakuwa anatania. Wakaondoka.

Baba alingoja mpaka hatua zao zikaisha. Akagonga tatu, akanyamaza, akagonga moja. Hakuna jibu. Hakungoja tena. Alipanda bila ngazi, sijui alishika nini, akafungua kifuniko, akaingiza kichwa na mkono mmoja, na nikamsikia anaita ndani ya chuma, "Gaspa! Gaspa!" Jina likarudi limekuwa kubwa, limetoka kwenye bomba, kwenye mlango wa moto, kila mahali.

Kisha ukatoka mkono mweupe. Mweupe kama chokaa, na vidole vinatafuta ukingo. Ukatoka uso mweupe, nywele nyeupe, macho mekundu. Nililowa palepale nilipokuwa nimesimama. Niliamini shodieri imemrudisha mmoja wa wale niliowaota. Mpaka kile kitu kilipokohoa, nikakijua kikohozi, maana mwenye nacho alikuwa amenibeba mabegani tangu sijaweza kutembea.

Alikuwa na mkono mmoja tu uliokuwa huru. Ule wa kulia alikuwa ameufunga kiunoni kwa mkanda wa suruali, ameukaza mpaka umevimba. Baba alipoufungua, Gaspa alisema, "Niliuogopa huu. Umezoea kujibu." Alikuwa ameuma shati lake pia, na kitambaa kilikuwa na damu.

Siku kumi na tisa alikuwa amekaa mle. Kesho yake asubuhi alitoka kwa buibui la mama, mimi nimemshika mkono kama bibi yangu, baba nyuma yetu, mpaka Jabe, na kutoka Jabe gari la samaki likampeleka Kajaga, na watu wa Kajaga wakamvusha ziwa kwenda Uvira, ng'ambo ya pili, alikokuwa mkewe. Kabla ya kupanda gari aliinama, akaniambia chini ya shela, "We ni muponyaji wangu. Ulilia kwa akili, wakakuamini." Nikafungua mdomo. Baba akanibana bega kwa nguvu mpaka nikaufunga. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Akuambie hivyo maisha yake yote, usimubishie. Asijue kama ni we ulisema."

Alirudi vita vilipoisha. Kiwanda kilikuwa kimeshauzwa kama chuma chakavu, shodieri imekatwa vipande kwa moto wa gesi, hata hivyo alirudi Kamenge akajenga. Na kila Idi, yeye Mkristo, alikuja kwetu na jogoo, ananiita Muponyaji mbele ya wageni, anasimulia jinsi kitoto kile kilivyolia kwa ujanja. Wageni walinisifu. Nilikuwa naingia jikoni kutapika. Hamjui uzito wa kusifiwa kwa jambo ambalo lilikuwa nusura limuue mtu. Nilimchukia kwa kunisifu, nikajichukia kwa kumchukia. Ndiyo sababu, nadhani, niliolewa mbali.

Baba alipofariki nilirudi kwa arobaini. Gaspa hakuweza kuja, miguu ilikuwa imevimba, hatoki kitandani. Nikaenda mimi Kamenge. Nikaketi kwenye kigoda, na kabla hajaniita lile jina nikamwambia yote, bila kupumua. Kwamba sikulia kwa akili. Kwamba nilimwambia yule kijana agonge, na nikamfundisha kugonga.

Akajiinua kidogo kitandani.

"Mama," akasema, "mi si nilikuwa ndani? Bomba lilikuwa wazi. 'Inakula kila siku. Na ukiigonga inajibu.' Nilisikia kila neno, kama redio."

"Sasa mbona miaka yote umeniita vile?"

"Baba yako aliniomba. Siku ile ile, ananipangusa uso. Akasema, 'Gaspa, huyu mutoto asijue kama umesikia.'"

"Na mimi aliniomba usijue kama nilisema."

Tukatazamana. Idi zote zile, baba ameketi katikati yetu anatugawia mapaja ya jogoo, anamwangalia huyu, anamwangalia yule, kila mmoja anamficha mwenziwe jambo ambalo wote watatu tunalijua! Gaspa akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na mimi nikacheka, na machozi yakatutoka wote wawili mpaka mkewe akaingia kutoka uani, mikono ina unga, akauliza kuna nini.

"Apana kitu," Gaspa akamwambia, akijifuta macho kwa shuka. "Tunamusema baba yake."